Kazi Iliyo Katika Kushuka: Utangulizi kwa Anayejiandaa na Darasa la Kwanza la Pilates ya Rifoma

Anayejiandaa kwenda kwenye darasa lake la kwanza la Pilates ya rifoma huuliza maswali mawili: avae nini, na je, mwili wake utaweza? Swali la kwanza nitalijibu, na jibu lake ni fupi. La pili ni mlango wa elimu nzima, biomekanika, inayochunguza jinsi mwili unavyobeba, unavyosukuma, unavyovuta na unavyojizuia usianguke. Utangulizi huu nimewaandikia watu wa Lushoto na wa milima yote ya Usambara, kuanzia Mtae hadi Bumbuli, kwa sababu wanaingia katika elimu hii wakiwa na mtaji mkubwa ambao hawajawahi kuambiwa kuwa ni mtaji. Karibu, msomaji, na usijali kama hujawahi kuiona rifoma, mashine yenyewe. Tutaanza na mlima.

Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo, chini kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, ni kilomita zipatazo 33 za kona mpaka kona, unapita Soni ndipo unafika mjini. Ukisimama kwenye genge la Irente, tambarare ya Mazinde iko chini yako karibu mita 1,000. Katika nchi ya namna hii shamba liko mteremkoni, maji yako bondeni, shule iko kilimani, na soko liko ng'ambo ya kilima kingine. Mama anayepeleka karoti, kabichi au maplamu sokoni hushuka na mzigo kisha hurudi akipanda. Aliyekwenda kutafuta kuni hupanda mikono mitupu na kushuka amejitwika. Waulize kupi kunachosha zaidi, watakujibu kupanda, na pumzi zao zitashuhudia. Lakini muulize mzee aliyeishi huko miaka sabini ni wapi magoti yake yanapolalamika, naye atakuonyesha njia ya kushukia.

Majibu hayo mawili yote ni ya kweli, na kuyapatanisha ndiyo kazi ya kwanza ya elimu yetu.

Msuli uliokazwa unaweza kufanya mambo matatu. Unaweza kufupika ukivuta mfupa, kama msuli wa mbele wa paja unapokuinua kwenye mwinuko. Unaweza kubaki na urefu uleule, kama mikono inapokishikilia kikapu kisianguke. Au unaweza kurefuka huku umekaza, kwa sababu uzito unaoushikilia unauzidi kidogokidogo nao unakubali kwa kipimo. Hilo la tatu ndilo linalotokea pajani kwa kila hatua ya kushuka: goti linakunjika, msuli wa mbele unarefuka, lakini haulegei, la sivyo ungeporomoka. Nitaiita kazi ya breki, kwa sababu lori la kabichi linaloteremka kutoka Soni kwenda Mombo hufanya hivyohivyo. Dereva anaweka gia ndogo, na injini iliyolivuta lori kupanda sasa inalizuia lisikimbie.

Mwaka 1952 watafiti watatu wa chuo cha University College London, Abbott, Bigland na Ritchie, walibuni jaribio ambalo hadi leo nalipenda kuliko mengi niliyowahi kuyasoma. Walichukua baiskeli mbili zisizotembea, wakazigeuza ziwe zimepeana mgongo, wakaziunganisha kwa mnyororo. Mmoja alikanyaga pedeli kwenda mbele. Mwingine, ambaye pedeli zake zililazimishwa kurudi nyuma, alizizuia kwa miguu. Nguvu ilikuwa moja na mwendo ulikuwa mmoja, maana mnyororo ulikuwa mmoja. Wakapima oksijeni waliyoitumia wote wawili. Yule aliyekanyaga alitumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya yule aliyezuia. Jaribio hilo lilipoonyeshwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society, mwanamke mwenye umbo dogo aliyekaa upande wa kuzuia alimchosha haraka mwanamume mwenye umbo kubwa aliyekanyaga, kwa jitihada ndogo.

Kabla ya hapo, mwaka 1938, Mwitaliano Rodolfo Margaria alikuwa amepima gharama ya kutembea kwenye miinuko na miteremko. Aliona kwamba kutembea huwa rahisi kuliko kote kwenye mteremko wa takriban asilimia 10, yaani unaposhuka mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Mteremko ukizidi hapo gharama huanza kupanda tena, kwa kuwa sasa sehemu kubwa ya kazi ni kujizuia. Vijia vingi vya Usambara ni vikali kuliko kipimo hicho, na wenyeji huvikata kwa mshazari. Miguu yao ilipata jibu hilo zamani.

Kwa nini breki ni rahisi kwa pumzi? Kwanza, msuli unaorefushwa ukiwa umekaza unaweza kuhimili uzito mkubwa kuliko ule unaoweza kuunyanyua. Kwa sababu hiyo mwili huita nyuzi chache za msuli kufanya kazi ambayo wakati wa kupanda ingehitaji nyuzi nyingi. Pili, ndani ya kila uzi wa msuli kuna protini ndefu iitwayo titini, ambayo hutenda kama springi: ikivutwa inapinga, ikiachiwa inarudi. Ina maana kwamba sehemu ya mzigo hubebwa na maumbile yenyewe ya msuli, bila kuunguza chakula kingi.

Lakini nyuzi hizo chache zilizobebeshwa mzigo mkubwa hulipia. Nyingine huchanika kwa kiwango kisichoonekana kwa macho, halafu mwili huzitengeneza, na matengenezo hayo huambatana na maumivu. Theodore Hough, Mmarekani, aliandika mwaka 1902 kuhusu maumivu ya misuli yanayokuja baada ya siku, akayatenganisha na uchovu wa papo hapo. Leo tunajua kwamba kazi ya breki ndiyo inayoyaleta zaidi, na kwamba hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Basi anayesema kupanda kunachosha anazungumzia moyo na mapafu, na anayeonyesha njia ya kushukia anazungumzia misuli na viungo. Jambo la kushika hapa ni kwamba katika kazi ya breki pumzi haitoi onyo. Unaweza kujizidishia sana bila kuhema. Anayekwenda kwenye rifoma akilisahau hilo atajua siku ya pili, akijaribu kushuka ngazi.

Kabla hatujafika kwenye mashine, nataka tukae kidogo kwenye mizigo, maana hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoingia katika vitabu vya elimu hii. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake, akiwemo Taylor wa Harvard. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo utosini na wanawake wa Kikikuyu wanaoibeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walikuta kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila matumizi ya oksijeni kuongezeka. Mwanamke wa kilo 60, tuseme, alibeba kilo 12 kwa gharama ileile ya kutembea bila mzigo. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza siri yake. Kwa kila hatua, kiwiliwili hupanda kidogo na kushuka kidogo, na nguvu ya kushuka huweza kutumika kusukuma hatua inayofuata. Wote tunafanya hivyo, lakini mengi hupotea njiani. Wanawake wale, walipojitwika, walipoteza kidogo kuliko sisi. Ustadi wao ulikuwa katika kushuka kule kwa sentimita chache ndani ya kila hatua.

Ningependa kila msichana wa Lushoto anayejitwika ndoo juu ya ngata asomeshwe utafiti huo shuleni. Ningependa pia asomeshwe upande wake wa pili. Vipimo hivyo vilifanyika kwenye tambarare, na baadaye watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa kila mtu. Mwaka 2010 utafiti mwingine, wa vijiji vya Limpopo, uliwasikiliza wachota maji wenyewe, wakasema shingo na mgongo vinawauma. Ustadi haufuti uzito. Mtu anaweza kuwa fundi wa kubeba na bado pingili za shingo yake zikawa zimechoka, na yeyote atakayemfundisha mazoezi anapaswa kuyajua yote mawili.

Sasa mashine. Rifoma ni kitanda chembamba cha mbao au chuma, chenye reli mbili ndani yake. Juu ya reli kinateleza kigari chenye godoro jembamba, na hapo ndipo unapolala, unapokaa, unapopiga magoti au unaposimama. Springi, kwa kawaida nne au tano, hukifunga kigari kwenye upande mmoja wa fremu, na mwalimu huzifunga au kuzifungua kulingana na zoezi. Kwenye upande huo kuna upau wa kuwekea miguu. Kwenye kigari kuna vizuizi viwili vya mabega, na upande wa kichwani kuna kamba mbili zinazopita kwenye kapi, zenye vishikio vya mikono au vya miguu. Lushoto hadi Dar es Salaam au Nairobi ni safari, na huko ndiko utakakoikuta.

Aliyeibuni, Joseph Pilates, alizaliwa mwaka 1883 Mönchengladbach, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kwa kuwa ni raia wa nchi adui, kwanza Lancaster kisha katika kambi ya Knockaloe kwenye kisiwa cha Man, walikozuiliwa wanaume zaidi ya 20,000. Vita hiyohiyo ndiyo iliyowaondoa Wajerumani Usambara mwaka 1916. Mpaka hapo Lushoto ilikuwa ikiitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Inasimuliwa kwamba kizuizini Pilates alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wafanye mazoezi wakiwa wamelala. Mwaka 1926 alihamia New York, yeye na mwenzi wake Clara wakafungua chumba cha mazoezi kwenye mtaa wa Eighth Avenue, na wacheza dansi wa jukwaani walioumia wakawa wanapelekwa kwake. Alifariki mwaka 1967. Njia yake aliiita Kontroloji, elimu ya kujitawala, na kitabu chake cha mwaka 1945 kina mazoezi 34, yote ya sakafuni, bila mashine yoyote. Yaani unaweza kuanza leo hapo ulipo, kwenye mkeka.

Springi ina tabia ambayo mzigo wa kuni hauna. Robert Hooke aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: kadiri unavyoivuta springi, ndivyo inavyozidi kukuvuta. Mzigo wa kuni wa kilo 20 ni kilo 20 ukiwa Magamba na ni kilo 20 ukifika Lushoto mjini. Kigari cha rifoma ni chepesi unapoanza kukisukuma na kizito unapofika mwisho. Zoezi la kwanza katika madarasa mengi ni la kulala chali, nyayo kwenye upau, na kunyoosha miguu ili kigari kiondoke. Mgeni huliona rahisi na huweka akili yake yote kwenye kusukuma. Halafu anaachia, na springi inakirudisha kigari kwa kishindo, chuma kikigonga chuma. Mwalimu hatasema umesukuma vibaya. Atasema rudi polepole.

Kurudi huko ndiko kushuka mlima. Springi inavuta, paja linarefuka likiwa limekaza, kigari kinakuja taratibu kwa ruhusa yako. Mtu wa Usambara anaijua kazi hii kwa miguu yake tangu utotoni, na mwili wake umeizoea. Sayansi imethibitisha kwamba msuli uliofanya kazi ya breki mara moja hupata kinga, na ukiirudia baada ya siku au wiki kadhaa huumia kwa kiasi kidogo kuliko mara ya kwanza. Ndiyo maana mgeni kutoka pwani akishuka Irente hadi Mazinde hutembea kwa shida siku mbili, wakati mwenyeji aliyemwongoza anarudi shambani kesho yake asubuhi.

Kinga hiyo, hata hivyo, hukaa katika msuli uliofanya kazi, na kwa mwendo ule uliouzoea. Mapaja yako yana kinga. Mikono yako, ikishika kamba na kuiachia irudi polepole, haina. Misuli ya pembeni mwa kiwiliwili haina. Misuli ya tumbo, inayokuzuia usitumbukie nyuma unaporudi nyuma kutoka kukaa kwenda kulala, kwa watu wengi haina kabisa, hata kwa walimaji hodari. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wenye nguvu nao huumia kwenye darasa la kwanza. Wanaijua nguvu yao, wanaongeza springi, na pumzi, kama nilivyosema, haiwaonyi.

Kuna jambo jingine linalomchanganya mgeni. Anadhani springi zikipungua zoezi limekuwa jepesi. Katika kusukuma kwa miguu ni kweli. Lakini ukiwa umeweka mikono kwenye upau na miguu au magoti yako juu ya kigari, springi ndiyo inayokusaidia kukirudisha. Zikipungua, msaada umepungua, na kiwiliwili chako kinabaki peke yake kukizuia kigari kisikimbie. Mwalimu akikuondolea springi, usidhani anakuhurumia. Usikariri rangi zake pia, kwa maana kila kiwanda kina rangi zake. Uliza ipi nzito na ipi nyepesi kila unapokuta mashine ngeni.

Je, yote haya yana faida gani? Nisikuahidi zaidi ya kinachojulikana. Mwaka 2015 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima ubora wa tafiti za tiba, ilitazama majaribio 10 ya Pilates kwa watu wenye maumivu ya kiuno. Ilikuta kwamba Pilates ilipunguza maumivu kuliko kukaa bila tiba ya maana, lakini haikuonekana kuzishinda aina nyingine za mazoezi. Kwa mtu mwenye kiuno kinachouma baada ya miaka ya jembe, hiyo ni habari njema: anaweza kuchagua zoezi analolipenda na analoweza kulifikia. Aliye mbali na rifoma hajanyimwa tiba.

Wiki tatu au nne kabla ya safari zinatosha kujiandaa. Kila jioni keti kwenye kigoda polepole huku ukihesabu hadi nne, simama kwa hesabu moja, urudie mara nane au kumi. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, kunja viwiko uusogelee polepole, kisha jisukume urudi. Hiyo ni kinga ya mikono. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, viganja viwili pembeni mwa mbavu, uvute pumzi kwa pua mpaka mbavu zisukume viganja kwa pembeni na nyuma. Wengi wetu huvuta pumzi kwa kuinua mabega, na darasani utaambiwa utoe pumzi wakati wa jitihada bila kukuza tumbo, jambo gumu kwa aliyezoea kupumua kwa mabega. Ukiwa hapohapo, bonyeza kiuno kiguse mkeka, kisha kiinue kidogo, halafu tafuta mahali pa katikati ambapo hakijabonyea wala hakijainuka. Ukipajua mahali hapo, maelekezo mengi ya mwalimu yatakuwa na maana.

Na kama unataka kuionja elimu yenyewe, chagua mteremko mmoja karibu na nyumbani. Pumzika, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa nusu dakika, uzidishe mara mbili, uandike. Panda, uhesabu ukifika juu. Pumzika mpaka mapigo yarudi yalipokuwa, shuka kwa dakika zilezile, uhesabu tena. Siku ya pili andika ni wapi panapouma. Utakuwa umerudia, kwa daftari na kalamu, sehemu ya kile walichokionyesha London mwaka 1952.

Mtafute mwalimu kwa uangalifu. Oktoba 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, si alama ya biashara ya mtu mmoja. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini una maana kwamba yeyote anaweza kuliandika mlangoni. Muulize alijifunza wapi, kwa muda gani, na kama alifundishwa mashine au sakafu tu. Mwalimu mzuri naye atakuuliza maswali kabla hujapanda kigari: una umri gani, unafanya kazi gani, umeumia wapi, umefanyiwa upasuaji gani. Mwambie kila kitu, hata mambo unayoyaona ya kawaida. Mwambie kwamba unajitwika mizigo na kwa miaka mingapi. Mwambie kama una presha, ujauzito, au kama umejifungua karibuni. Mama mtu mzima ambaye mifupa yake imepungua uimara asikubali mazoezi ya kuinamisha mgongo mbele kwa nguvu. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni yakiambatana na ganzi au udhaifu yaanzie kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, katika hospitali kama KCMC ya Moshi au MOI ya Dar es Salaam, kabla ya darasa lolote.

Historia ya Usambara inanifanya nisisitize kwamba umpate mwalimu anayeuliza. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni, kupitia mpango ulioanzia Mlalo, iliwaamuru wakulima walime matuta kwenye miteremko mikali ili kuzuia mmomonyoko. Hofu ya mmomonyoko ilikuwa na msingi. Lakini kazi ya matuta ilikuwa nzito mno kwa waliolazimishwa kuifanya, nao waliipinga mpaka mpango ukaachwa mwaka 1957, kama alivyoeleza mwanahistoria Steven Feierman. Ardhi ilichunguzwa, ila miili ya wenye majembe haikuulizwa. Sitaki elimu yangu iingie Lushoto kwa mtindo huo.

Kuhusu mavazi: vaa nguo inayoufuata mwili na isiyoning'inia, kwa sababu upindo wa kanga au mkono mpana wa gauni unaweza kunaswa na springi au kapi. Suruali ndefu ya mazoezi na fulana ndefu zinatosha kwa heshima na kwa usalama. Anayejisitiri avae mtandio uliobana kichwani, bila pini zenye ncha zinazoweza kumchoma akilala. Soksi zenye vidoti vya mpira chini huzuia mguu usiteleze kwenye upau, na madarasa mengi huzidai. Acha bangili na mikufu nyumbani. Kula kidogo saa mbili kabla. Kama umekaa kwenye basi saa nyingi kutoka Lushoto, lala mjini usiku mmoja, utembee asubuhi, ndipo uingie.

Fika robo saa mapema uonyeshwe mashine. Jifunze mambo ya usalama kabla ya mazoezi: vidole mbali na springi na reli, usiachie kamba ikiwa imevutwa, usiteremke kigari kikiwa wazi, kirudishe kwanza mpaka kitulie. Kubali springi utakayopewa. Ukiambiwa urudi kwa hesabu nne, hesabu nne kwelikweli. Kitu kikikuchoma ghafla kwenye kiungo, simamisha na useme. Hakuna adabu inayokutaka unyamaze.

Baada ya darasa tembea kidogo, kunywa maji, na usijipime nguvu siku hiyo. Kesho yake utasikia ukakamavu, na keshokutwa pengine utasikia zaidi, kwapani, mbavuni, nyuma ya mabega. Hayo ni maumivu ya kazi ya breki, na kwa kawaida huisha ndani ya siku chache ukiendelea na shughuli nyepesi. Yakiwa makali kupita kiasi, kiungo kikavimba, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yakiwa ya kawaida, andika yalianza lini na yalikuwa wapi, uende na daftari hilo kwenye darasa la pili umwonyeshe mwalimu kabla hajafunga springi hata moja.